Chungu cha Senje Fanisi

Enzi zetu, sisi tuliopeleka ufagio shuleni Jumatatu na mavi ya ng'ombe Ijumaa ili tukandike sakafu ya darasa, likizo haikuwa jambo la mtoto kuulizwa anataka kwenda wapi. Shule ikifungwa leo, kesho mama amekufungia nguo mbili kwenye leso, amekupaka mafuta mpaka magoti yanang'aa, na safari ni ya kwa nyanya. Hakuna aliyejali kama kwa nyanya kuna umeme. Mjukuu wangu siku hizi anauliza kwanza kama kuna mtandao, kisha anauliza nywila, halafu ndipo anakumbuka kusalimia watu.

Kwa nyanya kwetu kulikuwa Ishilalo, kamji kadogo ng'ambo ya mto, mwendo wa asubuhi moja kutoka mjini Kakamega tulikoishi. Kalikuwa na barabara moja, kinu cha kusaga mahindi, fundi cherehani mmoja, duka la mafuta ya taa na chumvi, na kanisa la watu wa kanzu nyeupe waliopiga ngoma Jumapili mpaka kuku wakakimbilia migombani. Lakini Ishilalo kulikuwa na kitu ambacho Kakamega nzima haikuwa nacho. Karibu kila mwanamke alikuwa mfinyanzi, na hakuna aliyekuwa tayari kuacha. Ndoo za plastiki zilipoingia, watu wa vituo vya jirani waliweka mitungi yao nyuma ya nyumba na kupanga foleni dukani. Ishilalo waliitazama ile ndoo nyekundu, wakaigonga kwa kidole, wakaona haitoi sauti ya maana, wakawapa kuku wanywee maji. Majirani waliwaita watu wa kale. Wao waliitikia tu, wakaendelea kukanyaga udongo.

Nikifumba macho hadi leo nasikia ile harufu. Udongo mbichi, moshi wa nyasi kavu, mrenda uliopikwa kwa maji ya majivu, na juu ya hayo yote, maji ya kunywa yaliyolala kwenye mtungi. Wenzangu mliokunywa maji ya mtungi mnajua ninachosema. Yanateremka kooni yana ubaridi wa taratibu, na yana ladha ya mvua ya kwanza. Haya ya friji yanakupiga meno kwanza, kisha yanakuuliza unataka nini.

Nyanya tulimwita Kukhu, kama Waluhya wengi wanavyomwita nyanya. Alikuwa mfupi, mikono minene, na hakuwa na saa wala haraka. Udongo alichimba mwenyewe bondeni pamoja na wanawake wenzake, na sisi wajukuu tulipewa kazi ya kuukanyaga kwa miguu tukitafuta kokoto, kwa sababu kokoto moja ya ukubwa wa punje ya mtama ingetosha kuharibu chungu kizima. Tulikanyaga tukiimba, tunasukumana, tunaanguka, tunapigwa makofi ya mgongoni, tunaendelea. Kisha Kukhu angeketi, miguu ameinyoosha mbele, akizungusha vipande virefu vya udongo kimoja juu ya kingine, ndani akilainisha kwa kipande cha kibuyu, nje akipitisha gunzi la mahindi kuacha michirizi. Hakutumia gurudumu wala kipimo. Mkono ulizunguka, chungu kikatulia.

Halafu ilikuja kazi ngumu kuliko zote, nayo ni kungoja. Vyungu vilikaa kivulini nyuma ya nyumba wiki mbili, tatu, hata mwezi. Baba yangu alikuwa karani ofisini mjini, na siku moja alikuja kututazama akiwa na tai yake. Aliona vile vyungu vimejipanga, akasema, "Mama, si uvianike tu kwa jua vikauke haraka?" Kukhu alimwangalia kutoka viatu mpaka tai. "Wewe nilikubeba miezi tisa," akasema. "Ningekuanikanga kwa jua, ungetoka mtu wa aina gani?" Baba akalegeza tai, akanywa chai yake.

Chungu kikionekana kimekauka, hakikuaminiwa kwa macho. Kukhu alikiinua, akaulaza mdomo wa chungu shavuni kwake, akafumba macho. Shavu likisikia baridi, basi udongo bado una maji ndani, motoni ungepasuka, na chungu kinarudi kivulini. Shavu lisiposikia kitu, chungu kiko tayari kwa moto. Sisi watoto tuliiga mchezo huo kwa kila kitu, tukilaza shavuni maembe, mayai, hata kichwa cha paka. Tuliona ni mzaha wa watu wazima.

Na kulikuwa na desturi moja ya Ishilalo ambayo sijaiona mahali pengine popote. Siku ya kuchoma, wanawake walilundika vyungu vyote pamoja uwanjani juu ya kuni, wakavifunika kwa nyasi kavu mpaka lundo likafika kifuani. Kabla ya kuwasha moto, kila mwenye chungu mle ndani alisimama katika mviringo kulizunguka lundo lile na kusema neno alilonalo. Kama umemkosea mtu, ulisema hapo. Kama umekosewa, ulisema hapo pia. "Semeni sasa," Kukhu angesema, kijinga cha moto mkononi. "Nikishawasha, sitaki kusikia." Ndipo mmoja angesema mbuzi wa jirani alikula mboga zake na hakuombwa msamaha. Mwingine angekiri kwamba ungo aliosema umepotea uko chini ya kitanda chake, na ameutumia tangu mavuno. Watu walicheka, walinuna, walishikana mikono. Moto haukuwashwa hadi mviringo umekwisha, watoto tukiwemo.

Sasa nifike pale ambapo nimekuwa nikipazunguka kwa zaidi ya miaka hamsini.

Nilikuwa na miaka kumi. Senje Fanisi, dada mdogo wa baba, alikuwa aolewe Jumamosi iliyofuata. Bibi harusi wa Ishilalo hakutoka kwao mikono mitupu. Alitoka na chungu kilichofinyangwa na mama yake kwa ajili yake peke yake, chenye alama ya ukoo shingoni; yetu ilikuwa vidoto vitatu. Alikijaza maji ya chemchemi ya kwao, akayabeba kichwani hadi kwa mumewe, na maji ya kwanza akammiminia mama mkwe. Kuazima chungu cha mwingine ilikuwa aibu ambayo hata kuitaja ilikuwa aibu. Kukhu alikifinyanga kile cha Senje kwa wiki nzima na kukikausha kwa zaidi ya mwezi. Aliyekilainisha kwa jiwe hadi kikang'aa alikuwa binamu yangu Rasoa.

Rasoa alikuwa amenizidi miaka miwili, na mikono yake ilisifiwa kituo kizima. Mwaka ule, mtoto wa miaka kumi na miwili, Kukhu alimpa kazi ya kupanga vyungu ndani ya lundo, kazi ya wanawake waliozaa. Nilimwonea wivu, naandika bila kuficha. Mimi mtoto wa mjini, najua kusoma kwa sauti, nina viatu viwili, na hakuna aliyenisifia chochote isipokuwa hamu yangu ya kula.

Nilikuwa na chungu changu pia, kidogo, chenye kitako kinene kama cha mandazi. Nilikifinyanga siku tano tu kabla ya kuchoma. Nilitaka kukipeleka shuleni Januari, nikiweke juu ya dawati mbele ya msichana mmoja aliyekuwa na kisanduku cha kalamu kinachojifunga kwa sumaku, nione sasa atasema nini. Kukhu alikilaza shavuni, akanirudishia. "Baridi. Hii itangoja Aprili." Aprili! Kwa mtoto wa miaka kumi, Aprili ni nchi nyingine.

Asubuhi ile wanawake walipokwenda kuongeza nyasi, nilikipenyeza chungu changu ndani ya lundo. Nafasi niliyoipata ilikuwa ubavuni mwa chungu cha Senje. Nikafunika, nikapangusa mikono kwenye gauni. Mviringo ulipofika kwangu, Kukhu aliniuliza, "Na wewe, Ayuma?"

"Mimi sina neno," nikasema.

Moto ulipokolea tulisikia mlio, kama mtu ametupa jiwe juu ya mabati. Kisha mwingine. Kukhu alichukua mti mrefu akafukua nyasi zinazowaka, na mimi nikaona kile ambacho nimekiona mara nyingi tangu siku hiyo. Chungu cha Senje kilikuwa kimetoboka tumboni, tundu la kupitisha kichwa cha mtoto. Changu kilikuwa vigae tu, hakuna aliyeweza kujua ni cha nani. Wanawake wakasogea. Mmoja akauliza aliyepanga ni nani. Wakasema labda amevibana sana, mvuke umekosa njia. Wote wakamtazama Rasoa.

Kukhu hakumpiga. Alisema tu, "Rasoa, mwaka huu wewe utabeba maji." Maana yake kila siku ya kuchoma, wenzake wakipanga vyungu, yeye angekuwa njiani baina ya chemchemi na uwanja, akileta maji ya kuzima na ya kunywa, bila kugusa lundo. Rasoa hakulia. Alisimama akiitazama mikono yake, akaigeuza, akaitazama upande wa pili. Mimi nilikuwa natafuna muwa. Niliendelea kutafuna.

Hapakuwa na wakati wa kukausha chungu kingine. Baba alinunua sufuria ya alumini mjini, na Senje akaolewa nayo, ameifunika leso ili watu wasiione. Waliiona. Wanawake wa upande wa bwana waliigonga kwa vijiko wakiimba, na Senje alilia njia nzima. Kwa haki niseme kwamba sufuria hiyo bado anayo hadi leo, na kwa maneno yake mwenyewe imedumu kuliko baiskeli tatu za mumewe. Lakini siku ile alilia, na aliyemliza ni mimi.

Aprili sikwenda Ishilalo. Nilisema nina vitabu vya kusoma, na wazazi wangu walivyopenda vitabu, walifurahi. Likizo iliyofuata nikasema hivyo tena. Nikawa mwalimu wa shule ya msingi. Kwa zaidi ya miaka thelathini nimesimama mbele ya watoto wa watu nikiwaambia wenye makosa wajitokeze wenyewe. Walijitokeza, maskini, na mimi nikawa nawapa adhabu ya kuokota takataka.

Mwaka huu, nimeshastaafu, mwanangu Shem alinipigia simu kutoka Marekani anakofanya kazi. Alikuwa ametoka matembezini na watoto wake katika miji midogo ya watu wanaoitwa Waamishi. "Mama, hawa watu wanakataa umeme," akaniambia. "Wanaenda kanisani na mkokoteni wa farasi. Wamama wanashonanga blanketi na mkono. Na watu wanatoka mbali sana kuja kuwaona."

"Kuwaona wakifanya nini?"

"Wakiishi tu, Mama."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nilimwambia sisi tuliishi hivyo Ishilalo na hakuna aliyekuja kututazama isipokuwa chifu, tena yeye alikuja kutafuta pombe. Shem hakucheka sana. Akauliza, "Na mbona hukuwahi kutupeleka huko?" Simu ilipokatika nilibaki nimeishika. Mtoto nimemzaa, nimemlea, nimemsomesha, na nimemnyima kamji kazima kwa sababu ya chungu kimoja.

Sisi tuliosoma pamoja tuna kikundi chetu kwenye simu, ambacho kazi yake kubwa ni kutumiana picha za maua na dawa za magoti. Niliandika mle: mbona na sisi tusizunguke miji yetu ya zamani kama Wazungu wanavyozunguka yao? Walikubali saba. Tulianza Mumias. Mzee mmoja wa kofia alitupokea kwa "Salaam aleikum", akatuonyesha mahali misafara ilipopumzikia zamani na jinsi wageni walivyokuwa wakipokewa pale mjini kwa mfalme. Wake zake walituwekea chai ya tangawizi na kukataa kabisa tusimame hadi birika liishe. Tulitoka vifua mbele, watu wazima wenye miaka sitini, kana kwamba ufalme ulikuwa wetu. Mwenzetu mmoja alisema kumbe tuna mambo makubwa karibu hivi na tulikuwa tunakimbilia Nairobi kuona twiga.

Ishilalo ilikuwa ya pili. Nguzo za umeme zimefika. Bodaboda zimejaa pale penye kinu, na kuna kibanda cha kutuma pesa. Lakini nilipochungulia nyuma ya nyumba ya kwanza, nilikuta vyungu vimejipanga kivulini, vimetulia, havina haraka. Kisha akatoka mama mmoja amejifunga leso kiunoni, nywele zote nyeupe, akaja akikimbia kwa namna mtu wa umri wetu anavyokimbia.

"Mulembe! Ayuma wa mjini! Ulipotea kabisa, tukasema labda umekula vitabu vyote vikaisha!" Ilikuwa Rasoa. Sasa yeye ndiye kiongozi wa wafinyanzi wa Ishilalo. Alitulisha obusuma, ugali wa kwetu, na ingokho, kuku mzima, tena akanipa mimi firigisi kwa mkono wake mwenyewe, heshima ambayo kwetu hupewa mwanamume.

Alitufundisha kufinyanga, kila mgeni chungu kimoja. Tuliacha vikauke na kuahidi kurudi baada ya mwezi. Wajukuu wa Rasoa walituchekea jinsi tulivyoshindwa kuinuka baada ya kukaa chini. Mmoja alitupiga picha, akasema tutakuwa maarufu. Enzi zetu mtu alikuwa maarufu kwa kupanda mti mrefu au kumpiga mwalimu chenga. Siku hizi unakuwa maarufu kwa kushindwa kuinuka.

Siku ya kuchoma tulirudi. Lundo lilikuwa uwanjani palepale. Rasoa alikuwa akipanga mwenyewe, na kila chungu kabla hajakiweka alikilaza shavuni, akakigeuza, akakilaza shavu la pili. Nilimuuliza mjukuu wake mkubwa, Mideva, kwa nini mara mbili, wakati Kukhu alilaza mara moja tu. "Kukhu wetu anafanyanga hivyo siku zote," akasema. "Anasema aliharibu harusi ya mtu akiwa mdogo. Hajiamini."

Nikaligeukia lundo. Kisha nikaona chungu kilichokaa katikati ya lundo, kikubwa, kimelainishwa hadi kinang'aa, shingoni kina vidoto vitatu. Mideva alikuwa aolewe Jumamosi.

Mviringo ukaanza. Ndiyo, bado wanaufanya, mashahidi wapo. Mama mmoja alisema jirani yake amehamisha mpaka wa viazi kwa hatua moja, na jirani akakubali, ila akasema ni nusu hatua. Mwenzetu mmoja wa shule, mzee mwenye upara na wajukuu tisa, alikiri mbele ya watu wote kwamba ndiye aliyekula maandazi ya mwalimu mkuu tulipokuwa darasa la sita, na tuliochapwa wote kwa ajili yake tulimzomea. Kicheko kilikuwa kikubwa. Kisha Rasoa akanigeukia, kijinga mkononi kama Kukhu.

"Na wewe, Ayuma?"

Maneno yaleyale. Ningeweza kusema sina. Mdomo ulikuwa umeshaanza.

"Nina neno," nikasema. "Kile chungu kilichopasua cha Senje Fanisi kilikuwa changu. Kilikuwa kibichi. Kukhu alinikataza, nikakipenyeza nyie mmeenda kuchukua nyasi. Wewe hukubana kitu, Rasoa. Ulipanga vizuri. Mimi nilikaa kimya, ukabeba maji yangu."

Rasoa alimpa Mideva kile kijinga. Akaitazama mikono yake, akaigeuza, akaitazama upande wa pili, vilevile kama siku ile. Nilijiandaa kwa lolote. Nilidhani atanifukuza, na nilijua nitakwenda bila kubisha.

"Haukuwa mkono wangu?" akauliza, polepole.

"Haukuwa."

Akainua mikono yote miwili juu. Akapiga kigelegele ambacho bodaboda wa pale kinuni walisimama kukisikiliza. "Mmesikia? Haukuwa mkono wangu! Nyinyi wote mnasikia? Haukuwa mkono wangu!" Alikuwa anacheza, mabega yanakwenda, machozi yanatiririka, na wanawake wa Ishilalo wakaingia naye. Vijana wa isukuti, waliokuwa wamekuja kwa ajili ya harusi, wakaziweka ngoma kwapani bila kuambiwa. Sijawahi kuona mtu akifurahi hivyo, na niliona aibu na furaha vikipigania kifua changu kimoja.

Alipopata pumzi alimwita Mideva na simu. "Mpigie Senje Fanisi." Sauti ya Senje ilitoka pale kwenye spika, nyembamba ya uzee lakini ya kejeli ileile. Rasoa akapaza, "Senje, haukuwa mkono wangu!"

"Kwani ulikuwa wa nani?"

"Wa Ayuma! Aliweka chungu kibichi!"

Kisha Senje akasema, "Mwambie sufuria yake iko hapa. Leo imepika maharagwe." Tulicheka wote, nami nikapata kulia vizuri katikati ya kile kicheko.

Nilifikiri yamekwisha. Rasoa akaingiza mkono ndani ya lundo, akatoa chungu changu kipya. Nikajua, sawa, anakitupa, ana haki. Akakilaza shavuni. Shavu la pili. Kisha akanipa mimi. "Laza shavuni mwenyewe. Usiniamini mimi, usiamini macho yako." Nikakilaza shavuni mwangu na kufumba macho. Kwa mara ya kwanza maishani nilielewa Kukhu alikuwa akisikiliza nini. Hapakuwa na baridi. Palikuwa na udongo mkavu tu, tulivu, tayari.

"Kimekauka," nikasema.

"Basi," akasema Rasoa. Akakichukua, na mbele ya mji mzima akakiweka ubavuni mwa chungu cha Mideva, palepale pa zamani. Kisha akaninyooshea kidole kuelekea chemchemi. "Na wewe mwaka huu utabeba maji."

Nilibeba. Mwalimu mstaafu, miaka sitini na moja, mtungi kichwani, maji yananimwagikia shingoni, vijukuu vya Ishilalo vinanifuata na simu zao. Nilikuwa safari ya tatu kutoka chemchemini moto ulipokolea. Nilisimama njiani nikisikiliza. Nasikia nyasi zinavyochakarika, nasikia ngoma, nasikia moyo wangu. Mlio haukuja. Nikangoja. Haukuja.

Walipofukua majivu, chungu cha Mideva kilitoka chote, chekundu kama jua la jioni ya kiangazi, na changu pembeni yake, kidogo, kitako bado kinene. Rasoa alikigonga kwa kidole. Kikalia kama kengele. Alikigonga tena ili kila mtu asikie, na vigelegele vilivyopigwa siku ile bado viko masikioni mwangu ninapoandika. Jumamosi Mideva alikwenda kwa mumewe na maji ya chemchemi ya kwao kichwani, na Senje Fanisi, aliyeletwa kwa gari, alisimama wa kwanza kumpigia makofi.

Watoto wa siku hizi wana vitu tusivyoviota. Wakikosea kitu kwenye simu wanafuta kwa kidole gumba, kinapotea, hakuna aliyeona. Sisi kosa lilikaa nasi likawa zito kuliko mtungi uliojaa. Siwaonei wivu. Hawana uwanja wa kusimama, watu wakawazunguka, wakasema, kisha wakasikia chungu kikilia kama kengele. Shem nimemwambia Desemba awalete watoto wake Ishilalo, waache mikokoteni ya farasi kidogo, waje wakanyage udongo. Umeme upo, nimewatuliza. Mtandao wakautafute wenyewe.

Chungu changu kiko mezani hapa Kakamega, na mjukuu wangu ninayeishi naye, yule wa nywila, anaipita friji kwenda kunywa humo. Na kila siku ya kuchoma nafunga leso kiunoni naenda kubeba maji. Rasoa anahesabu miezi kwa kidole, ananidhihaki. Nimebakiwa na miwili, na jana nimemwomba aniongeze mwaka mwingine.